Diski Mbili za Harusi ya Nasra

Bi Salma alifariki Jumatatu alfajiri, nami nikapata habari saa nne asubuhi kwa simu ya binti yake, Nasra, ambaye hatukuwa tumezungumza kwa miaka mingi. Hakulia. Alisema tu, "Tatu, mama hatunaye. Nimeona nikupigie mwenyewe." Nikamjibu kama inavyojibiwa, nikauliza mazishi ni saa ngapi, kisha nikabaki nimekaa kwenye kiti cha studio yangu huku Bunju, simu mkononi. Wasichana ninaofanya nao kazi wakaniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu. Nikasema hapana. Jirani? Hapana. Alikuwa mteja, nikawaambia, na wao wakatazamana, maana si kawaida mtu kufunga duka katikati ya wiki, akavaa baibui na kushika njia ya Bagamoyo kwa sababu ya mteja wa zamani. Sikuwaeleza zaidi. Ningeanza kueleza ningelazimika kueleza yote, na yale yote nilikuwa sijamweleza mtu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nilifanya kazi kwa Bwana Shomari, mpiga picha wa mjini Bagamoyo. Nilikuwa nikitoka Kerege kila asubuhi, nikifika dukani kabla ya saa mbili. Duka lenyewe lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia la bluu la picha za pasipoti, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibwe, televisheni na deki. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta, feni na meza moja ambayo juu yake mchana tulikula chakula na jioni tuliifuta mafuta ili tuweke kanda. Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kwa mwaka mzima nilisikia kila kilichosemwa upande wa pili: wachumba wakigombana kuhusu picha, mama wakiwaamrisha watoto wasicheke, na watu wakimwuliza Bwana Shomari swali moja ambalo lilianza kumkosesha raha. "Mbona za Dar zina menyu?" Walikuwa wameona harusi za mjini zilizotengenezwa kwenye DVD. Ukiiweka diski, hukutani na harusi moja kwa moja; kwanza unatokea ukurasa wenye vitufe, na kwa rimoti unachagua: ndoa, chakula, maulidi, kumtoa bibi harusi. Sisi tulikuwa bado tunarekodi diski kama kanda, ukianza umeanza, ukitaka kufika mwisho upeleke mbele mpaka kidole kiume.

Bwana Shomari alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mpole kupita kiasi, mwenye tabia ya kufuta lenzi hata isipokuwa na vumbi. Siku moja alirudi kutoka Kariakoo na mfuko wa plastiki wenye diski tatu zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Akaziweka mezani, pembeni ya sahani ya mihogo.

"Hizi ni programu za kutengeneza menyu," akasema. "Vijana wa huko kila mmoja anasifia yake. Mimi macho yangu yamezoea kamera, hayo mengine siyawezi. Wewe ndiye uliyesoma kompyuta. Zijaribu zote, uchague moja. Nitakayoambiwa na wewe ndiyo hiyo hiyo."

Hakuna aliyewahi kuniambia maneno kama hayo. Nilizijaribu kwa wiki tatu, kadiri mgao wa umeme ulivyoniruhusu. Ya kwanza niliitupa siku ya pili, kwa sababu ilikuwa inabandika jina lake katikati ya kila picha. Zikabaki mbili. Moja tuliita ya maua. Ilikuwa na kurasa zilizokwisha kupambwa, mioyo, riboni, mapazia ya dhahabu. Unachotakiwa ni kuitupia harusi yako, yenyewe inakata, inapanga, inaweka vitufe, na nyuma ya vitufe inaweka kipande cha filamu kinachotembea huku muziki ukipigwa. Nyingine tuliita ya kijivu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, ukurasa mtupu wa kijivu. Haikufanya lolote bila kuamriwa. Kila kitufe ulikichora mwenyewe, ukakiambia kinakwenda wapi, na kipande kikiisha ulitakiwa kusema kirudi wapi. Usiposema, kilisimama au kiliruka kwenda mahali usipopategemea. Nilikaa nayo siku nne na nikaishia kulia kwa hasira.

Bwana Shomari alikuwa na kipimo kimoja tu. Alikaa kwenye kiti cha wateja na rimoti, akajifanya bibi asiyejua kusoma Kiingereza. "Nataka kuona ndoa ya mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Nitafika?" Menyu yangu ya kwanza kabisa kwenye kompyuta ilionekana safi, lakini tulipoiweka kwenye deki, televisheni ikakata pembe za picha, na kitufe nilichokiandika NDOA kikasomeka DOA. Bwana Shomari alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaninyooshea rimoti.

"Umeona? Kompyuta inakuonyesha inachotaka. Mteja hana kompyuta, ana deki. Hapa dukani diski haitoki bila kupita kwenye deki, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata kama mteja amesimama mlangoni anapiga kelele."

Nikasema sawa. Na nilipoulizwa mwisho wa wiki ya tatu nimechagua ipi, nikasema ya maua. Nilimwambia ni kwa sababu watu wanapenda mapambo, na huo ulikuwa ukweli. Sikumwambia kwamba ile ya kijivu ilikuwa imenishinda. Nilikuwa nimeambiwa mimi ndiye niliyesoma, ningesemaje?

Ndipo ikaja harusi ya Nasra. Bi Salma alikuwa mjane, mwenye duka la vitambaa, wa ukoo uliotoka Omani zamani na bado una nusu ya jamaa zake Maskati. Alikuja dukani mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja mgongo umenyooka, akamsikiliza Bwana Shomari, kisha akaomba kuniona mimi. Bwana Shomari akatoka nje bila kuambiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wewe ndiye unayepiga picha upande wa wanawake." Alikuwa na macho mepesi ya rangi ya asali, hayakupepesa. "Siku ya singo, akisuguliwa manukato, mwanangu atakuwa kichwa wazi, mabega wazi. Shoga zake watacheza. Mimi sijawahi kuruhusu kamera katika mambo hayo, ila Nasra anakwenda kuishi mbali na anataka kubaki na kitu. Nani ataona?"

"Mimi peke yangu, bibi. Nitapiga mimi, nitakata mimi. Nitatengeneza diski mbili. Moja ya kiumeni, ina ndoa na karamu tu. Moja ya wanawake, utapewa mkononi mwako."

"Na huyu bwana wako?"

"Hataona."

"Nimekuamini wewe, si duka," akasema, akainuka.

Bwana Shomari aliliheshimu neno lile kuliko nilivyotegemea. Harusi iliisha Jumapili, na tangu Jumatatu nilipoanza kazi ya kanda za wanawake, hakuingia chumba cha nyuma. Lilikuwa duka lake, meza yake, kompyuta yake, lakini akihitaji hata mkasi alisimama upande wa pili wa mbao, akakohoa, akasema, "Hodi, binti, nipitishie mkasi." Nami ndani nilikuwa na Nasra wa kwenye kanda. Nilimfahamu vizuri wiki ile kuliko nilivyowahi kumfahamu mtu yeyote, maana hakuna anayekujua kama anayekutazama mara arobaini ukicheka kicheko kilekile. Tulikuwa umri mmoja. Kwenye kipande nilichokipenda kuliko vyote, kamera inaanza kwenye sinia la asumini na vikuba vya maua, inatulia hapo, halafu inapanda polepole, na hapo ndipo anapotokea yeye, nywele zimeachiwa, kanga imefungwa kifuani, uso umepakwa liwa nusu, anatazama juu na kugundua kwamba anapigwa picha. Kipande hicho nikakiweka nyuma ya vitufe vya menyu ya wanawake, na juu yake nikaweka muziki: udi peke yake, mapigo saba, kisha fidla inaingia. Fidla ilipoingia ndipo uso wake ulipotokea. Nilijivunia mpango huo kama mtu aliyejenga nyumba.

Diski ya wanawake ilikamilika Jumatano. Ya kiumeni ilitakiwa Ijumaa, kwa sababu wajomba wa Maskati na wakwe wa Nasra wangekula chakula cha mchana kwa Bi Salma baada ya swala, wakabidhiwe diski zao kama zawadi, na Jumamosi waondoke. Alhamisi asubuhi nilifanya jambo ambalo kila mtu wa kazi hii amewahi kulifanya: badala ya kuanza upya, nilifungua kazi ya wanawake, nikatoa vipande vyote vya wanawake, nikaweka ndoa na karamu, nikabadili maandishi ya vitufe, nikahifadhi kwa jina jingine. Nikaijaribu kwenye kompyuta. Vitufe vyote vilifanya kazi. Nyuma yake lilionekana sinia la asumini, limetulia. Kompyuta ile ilikuwa dhaifu, ilionyesha picha ya kwanza tu ya kile kipande, haikuweza kukitembeza. Nikaona maua. Nikasema, maua ni mazuri, hata wanaume wanapenda maua. Nikaanza kunakili kazi kwenye diski, kumi na mbili na moja ya akiba, na ya mwisho ilipotoka, umeme ukakatika.

Ijumaa asubuhi ulikuwa bado haujarudi. Bwana Shomari alikuwa amevaa kanzu tayari kwa swala, akapanga diski kwenye katoni, akaifunga kamba. Angeipitisha kwa Bi Salma njiani. Akasimama mlangoni, katoni kwapani.

"Umezipitisha kwenye deki?"

Ningeweza kusema umeme ulikatika. Angengoja, ninajua angengoja. Angekwenda kwa Bi Salma mikono mitupu akaomba radhi na muda zaidi. Lakini nilikuwa nimemwambia tangu Jumanne kwamba kazi inakwenda vizuri, na nilitaka aondoke akiwa ananiona vile alivyokuwa akiniona.

"Ndiyo," nikasema. "Zote."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Umeme ulirudi saa saba na nusu. Nilikuwa chumba cha mbele, nimeweka mbele yangu wali na samaki wa kukaanga, duka limefungwa nusu kwa ajili ya Ijumaa. Televisheni ikawaka yenyewe. Nikachukua diski ya akiba nikaisukuma ndani ya deki, bila wasiwasi wowote, ili nile huku naitazama kazi yangu. Maua yakatokea. Vitufe vikatokea: NDOA, KARAMU, DUA. Udi ukaanza. Nikahesabu mapigo kwa kichwa, nimefumbata tonge mkononi. Fidla ikaingia na maua yakaanza kuteremka, na Nasra akatokea nyuma ya neno NDOA, mabega yake yote, akainua macho na kunitazama.

Sikuosha mikono. Nilifunga mlango, nikakimbia. Kutoka dukani hadi kwa Bi Salma si mbali, lakini mwanamke mzima akikimbia Bagamoyo mchana wa Ijumaa kila mtu anamwuliza nani kafa, na niliulizwa mara mbili, nikapita bila kujibu. Mlangoni kwa mbele kulikuwa na viatu vya wanaume, vingi, vimepangwa. Nikazunguka uani. Wanawake walikuwa wakiosha masinia, harufu ya pilau na ubani imejaa, na Bi Salma amekaa kwenye kiti kifupi akigawa halua kwenye vibakuli. Nikamwinamia sikioni. Nilikuwa sina pumzi, maneno yalitoka vipande.

"Bibi, diski. Ya kiumeni. Nasra yumo. Kichwa wazi."

Hakupiga kelele. Hata kijiko hakukidondosha. Toka ukumbini, nyuma ya pazia, ikasikika sauti ya kaka yake mkubwa, Said: "Haya, wekeni harusi tuione, wageni wasije wakalala." Mtu akacheka. Kisha nikausikia udi wangu. Pigo la kwanza. Bi Salma alikuwa ananiangalia bado, anataka kuhakikisha amesikia vizuri. La pili. La tatu. Akainuka, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akavuka ua kwa hatua nne, akafika kwenye boksi la mita lililokuwa ukutani karibu na mlango wa stoo, akashusha swichi kuu.

Kukawa kimya. Feni zikapungua mwendo. Halafu wanaume wakaguna kwa pamoja, "Aaah! Mgao huu!" na mmoja akaanza kuilaumu serikali.

Fidla ilikuwa haijaingia. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka, na hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka yote. Lakini nilikuwa na mapigo mengine masikioni, ya moyo wangu, na siwezi kuapa.

Bi Salma alisimama nyuma ya pazia, akatengeneza sauti. "Said! Nipitishieni hiyo deki huku. Umeme ukirudi kwa kishindo utaiunguza, ya jirani iliungua juzi. Na hiyo katoni ya diski nipeni, nitawafungashia pamoja na halua." Deki ikaja, imebebwa kama mtoto, diski ingali tumboni mwake. Katoni ikafuata. Akaviingiza stoo, akanivuta ndani, akafunga mlango. Kulikuwa na giza la mchana mle, magunia ya mchele na majora ya vitambaa, mwanga unapita kwenye tundu moja la dirisha.

"Nani amefanya hivi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Naapa nilikuwa nimekimbia njia nzima nikijiandaa. Lakini nilipoyaona yale macho, kinywa changu kikasema, "Ile programu, bibi. Inaweka picha yenyewe. Bwana Shomari ndiye aliyeinunua." Kila neno lilikuwa la kweli, na nilijua linakokwenda.

Aliitwa baada ya alasiri, wageni walipokwisha kutoka. Bi Salma hakumkaribisha kukaa. Alimwambia, mbele yangu na mbele ya kaka yake, kwamba alimpa amana akaichezea, na kwamba lau si huyu mtoto kukimbia, mwanawe angeaibishwa mbele ya wakwe zake siku ya tano baada ya harusi. Bwana Shomari alikuwa bado na kanzu ya asubuhi. Alinigeukia mara moja. Nilingoja aseme, "Tatu, si ulisema umezijaribu?" Nilitamani aseme. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani ayaseme maneno hayo manne, ili yatoke hewani yaishe. Akainamisha macho.

"Duka ni langu, Bi Salma," akasema. "Kosa ni langu. Nisamehe."

"Katika nyumba hii usirudi. Wala kwa jamaa zangu. Ila huyu mtoto ataitengeneza upya hapa hapa, nikimwona."

Kesho yake kompyuta ya Bwana Shomari ilibebwa kwenye mkokoteni hadi nyumba aliyokatazwa kuingia, nami nikafuata nyuma nimeshika nyaya. Kabla sijaondoka aliniwekea diski moja mkononi. Ilikuwa ya kijivu. "Chora kwanza kwenye karatasi," akasema. "Kila kitufe mshale wake. Ukishajua kila kitu kinakwenda wapi, ndipo uwashe." Nikafungua kinywa. Akasema, "Nenda, binti, watakungoja," akaanza kufuta lenzi.

Nilikaa wiki tatu katika stoo ya Bi Salma; wajomba walikuwa wameondoka na halua tu, wameambiwa diski zitafuata. Asubuhi nililetewa chai ya tangawizi na vitumbua, mchana chakula kilekile walichokula wao, na yeye mwenyewe alikaa nyuma yangu juu ya gunia la mchele, tasbihi mkononi, akitazama. Hakujua kompyuta ni nini, lakini alinifundisha ile programu kuliko ningefundishwa na mwalimu.

"Kitufe hiki kikibonyezwa, mtu anakwenda wapi?"

"Kwenye ndoa, bibi."

"Ndoa ikiisha?"

"Anarudi hapa mwanzo."

"Hapelekwi kwingine?"

"Hapelekwi."

"Na asipobonyeza kitu? Akiinuka, akaenda kuswali, akaiacha?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikachora mshale. "Inakaa hapo hapo, bibi. Ukurasa mtupu, maandishi tu. Hautembei."

"Niapie."

"Sikuapii. Nitakuonyesha." Tukabeba diski hadi kwenye deki, tukaiacha saa nzima, sisi wawili tumekaa kwenye mkeka tunatazama ukurasa wa kijani wenye vitufe vitatu. Nasra alipita mara mbili, mara ya pili akaketi nasi. Alikuwa bado hajaondoka kwenda kwa mumewe. "Tatu," akaninong'oneza, "ulinikimbilia bila viatu." Kwa kweli kiatu kimoja kilikuwa kimenitoka njiani, nami sikuwa nimekumbuka. Akanishika mkono akaubana. Huo mkono ndio uliokuwa mzito kuliko matusi yote aliyotukanwa Bwana Shomari.

Maana alitukanwa. Mji ni mdogo. Mwezi haukuisha kabla sijasikia kupitia ule ukuta wa mbao mwanamke akimwambia mwenzake, "Hapa? Huyu si ndiye anayetazama wake za watu?" na wakaondoka bila kupiga picha walizokuja kupiga. Kwa fundi cherehani nilisikia habari ileile ikiwa imeota miguu: eti diski ziliuzwa. Mimi nilipewa kazi. Kila nyumba iliyomfungia mlango Bwana Shomari ilinifungulia mimi, msichana mwaminifu aliyekimbia peku. Nami nikaenda, nikapiga picha, nikachora mishale yangu, nikapitisha kila diski kwenye deki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilijiambia nikipata nafasi nzuri nitasema. Kabla mwaka haujaisha Bwana Shomari akafunga duka, akahamia kwa ndugu zake Vigwaza. Siku ya kuondoka aliniachia kamera. Nilijaribu kuikataa. "Imekuzoea," akasema. Kwa kamera hiyo nimejenga maisha yangu yote.

Hayo ndiyo niliyoyabeba siku niliporudi nyumba ile kwa msiba. Wanawake walijaa chumba cha ndani, Nasra katikati yao, ameota mvi mbele ya masikio, amevaa baibui jeusi. Aliniinukia. Tulikumbatiana, nikampa pole, nikakaa pembeni, nikasikiliza wakimtaja marehemu, ukarimu wake, ukali wake. Kutoka nje, kabla jeneza halijatoka, mwanaume mmoja wa ukoo akapaza sauti kama inavyofanywa: aliyekosewa na marehemu, kwa kujua au kwa kutokujua, amsamehe kwa ajili ya Mungu. Watu wakaitikia wamemsamehe. Mimi nikashindwa kuitikia. Palikuwa na mtu mmoja aliyekosewa na Bi Salma kuliko wote, na hakuwepo, na hakuna aliyejua kwamba anastahili kuombwa radhi.

Nilimngoja Nasra hadi siku ya hitima. Nilimkuta stoo akihesabu masinia ya kurudisha, nikafunga mlango, nikamweleza. Sikupamba. Nilimwambia niliulizwa nikasema ndiyo. Nilimwambia nilichosema mbele ya mama yake na nilivyonyamaza baadaye. Alinisikiliza akiwa ameshikilia sinia kifuani.

"Kwa hiyo mama amekufa anamchukia mtu asiye na kosa," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka yote hii akikutaja kwa wema. Kila harusi. 'Mwiteni Tatu.'"

"Ndiyo."

Nilidhani atanifukuza. Akaliweka sinia chini, polepole, bila kunitazama. "Yuko hai?"

"Yuko Vigwaza. Nilipewa habari zake mwaka jana."

"Basi kesho utanipeleka."

Kesho yake tukaenda Vigwaza. Tulimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kivulini pa ukuta, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Amekuwa mwembamba, lakini urefu wake ulikuwepo hata alipokaa. Nasra akamwamkia, akachuchumaa mbele yake, akajitaja ni binti wa nani. Kisha akasema yale aliyokuja kuyasema: kwamba mama yake amefariki, kwamba alimdhulumu, kwamba hakujua, na kwamba yeye kama mwana anamwombea msamaha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Bwana Shomari akaendelea kupukuchua gunzi lile hadi likaisha, akaliweka kando, akajifuta mikono kwenye shuka.

"Marehemu nilimsamehe siku ileile, mwanangu," akamwambia. "Alikuwa anamlinda mtoto wake. Mungu amrehemu. Nenda na moyo mweupe."

Kisha akainua macho kwangu.

"Wewe hujafa," akasema. "Wewe tutaongea." Akasogeza ungo, akaukung'uta mkeka vumbi kwa kiganja. "Kaa."

Nikavua viatu, nikakaa.